Nyanya mwenye haki alirudishwa, kijana bila karatasi akapita. Sheria ibadilishwe wapi?

Dereva wa Barabara ya Garissa:

Wakuu, naendesha basi kati ya Nairobi na Garissa, mwaka wa kumi na moja huu. Mimi ni Mkamba wa Mwingi, Mkristo. Nalisema mapema asije mtu akadhani natetea ukoo wangu.

Wiki jana, kwenye kizuizi kimoja ambacho sitakitaja, abiria walishuka wakapanga foleni, kila mtu na kipande, yaani kitambulisho, mkononi. Kulikuwa na nyanya mmoja Msomali mwenye barua ya chifu tu. Mwaka 2011 ukame ulimaliza mbuzi wake wote, akaenda kambi ya Dadaab kujiandikisha kama mkimbizi apate mgao wa unga na mafuta. Alama za vidole vyake zikabaki kwenye rekodi za wakimbizi, na tangu hapo kila akiomba kipande anaambiwa si Mkenya. Nikaamriwa nimshushe, na mizigo yake.

Nyuma yake alikuwa kijana asiye na karatasi yoyote. Akamsalimia askari kwa mkono uliokunja noti ya elfu moja. Utingo wangu aliiona. Kabla sijamaliza kuzunguka tairi, kijana alikuwa ameshaketi. Nilimbeba hadi Nairobi. Sijui ni nani wala alikuja kufanya nini, na tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi.

Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba watu wa kaunti za mpakani hawatapigwa msasa wa ziada, yaani kuhojiwa asili yao na wazee na chifu, wakiomba kipande. Stendi nzima inabishana: wengine wanasema haki imetendeka, wengine wanasema magaidi wa Al-Shabaab kutoka Somalia wamefunguliwa mlango. Naomba wenye kujua sheria wanieleze: irekebishwe vipi ili nyanya yule apite na kijana yule azuiwe?

Mwalimu niliyetoka Mandera:

Dereva, pole kwa kazi. Nilifundisha Mandera hadi mwisho wa 2014. Novemba 22 mwaka huo basi la Nairobi lilitekwa na Al-Shabaab alfajiri, na abiria 28 wasio Waislamu wakauawa kando ya barabara. Wengine walikuwa walimu wakienda likizo. Tiketi yangu ilikuwa ya wiki iliyofuata. Sikurudi tena kule.

Kwa hiyo msinione mbaya nikisema msasa usingeondolewa. Mpaka wetu na Somalia ni kilomita karibu 680, sehemu kubwa ni vichaka, na ukuta ulioanzishwa 2015 haukufika mbali. Wale wazee waliokaa na chifu walijua huyu ni mtoto wa fulani, ukoo fulani, kisima fulani. Mashine haijui kisima.

Binti wa Eastleigh:

Mwalimu, nimesoma maneno yako mara mbili. Pole sana. Nami nasoma sheria, niruhusu nikujibu kwa heshima.

Aprili 2014 zaidi ya watu 4,000 walikamatwa kwenye msako wa usalama, wengi wao mtaani kwetu, na mamia wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Mwisho wa mwaka Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama, yakaweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, wakati waliokuwepo walikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Februari 2015 Mahakama Kuu ikakifuta kikomo hicho.

Miezi miwili haijafika, watu 148 wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria, Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba mwenyewe alikuwa ameshaiambia serikali kwamba mwanawe hajulikani aliko. Na aliyeongoza shambulio la hoteli ya DusitD2 Nairobi, Januari 2019, alikuwa Mkenya, baba yake mwanajeshi. Msasa wa ukoo ungewanasa vipi hawa, Mwalimu? Mtoto wa chifu angepitishwa wa kwanza. Kilichohitajika ni mtu wa kushughulikia taarifa ya yule baba.

Mwalimu niliyetoka Mandera:

Hilo la chifu nalikumbuka. Nakubali. Lakini kijana wa dereva bado amepita.

Dereva wa Barabara ya Garissa:

Ndiyo, amepita, na hapo ndipo pananiuma. Binti, asante. Mwalimu, wewe unajua jambo la Desemba 2015: basi lililotekwa karibu na El Wak, abiria Waislamu, Wasomali, wakawavisha wenzao Wakristo hijabu na kukataa kutengana. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki Januari. Nikimshusha nyanya wa watu wale wale eti kwa usalama wangu, mikono inatetemeka kwenye usukani.

Mimi ningetaka sheria iseme hivi: kila abiria anayekaguliwa aandikwe, na jina la askari aliyempitisha liandikwe kando yake, saa na tarehe. Kijana wangu akifanya baya kesho, tujue ni nani aliyemfungulia njia. Na waliojiandikisha Dadaab kwa njaa wafutwe kwenye rekodi zile bila kuzungushwa ofisi kwa ofisi.

Nyanya nimempata. Yuko Madogo kwa binti yake. Binti wa Eastleigh, kama kuna wakili unayemjua anayeshughulikia kesi hizi, niambie. Jumatatu narudi na basi, kiti cha mbele nimemwekea.