Mzee anatetemeka mkono, ni Parkinson au ni vidonge vya kizunguzungu?

MwanaMakorora: Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 68, alikuwa fundi cherehani pale Ngamiani. Tangu mwaka jana mkono wa kulia unamtetemeka, cha ajabu ukiwa umetulia pajani ndo unacheza haswa, akishika kikombe unapungua. Anatembea kwa kuburuza miguu, kufunga vifungo vya shati shida. Shangazi zangu wanasema kachezewa tumpeleke kwa mganga Pangani, mi naona ugonjwa. Ana kizunguzungu pia, duka la dawa walimpa sinarizini anameza kila siku miezi sasa.

BintiRaskazone: Pole kaka. Mkono kutetemeka ukiwa umepumzika, tena upande mmoja, inafanana na Parkinson, bibi yangu anao. Kuna tetemeko lingine la kurithi lakini hilo linakuja ukinyanyua kitu au ukiandika. Kwenye Parkinson seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kusogea vizuri, zinakufa kidogo kidogo ndo mwili unakuwa mzito. Usiende kutafuta kipimo cha damu, hakipo, daktari anamwangalia anavyotembea na anavyochezesha vidole.

Mfamasia_Pongwe: Subirini, mbona mnairuka hiyo sinarizini?? Ile inazuia dopamini, mzee akiitumia muda mrefu inaweza kumletea dalili zilezile kabisa. Metoklopramidi ya kutapika nayo hivyohivyo, na haloperidoli ya magonjwa ya akili. Mpeleke hospitali ya Bombo na ubebe maboksi YOTE ya dawa. Kama ni dawa, daktari akizisimamisha dalili zinapungua taratibu, wiki hata miezi, usikate tamaa mapema.

SharifuMuheza: Mi nimesikia upupu unatibu hiyo kitu, mnasagia mbegu tu, mbona mnahangaika

Mfamasia_Pongwe: Sharifu hujakosea sana, mbegu za upupu zina levodopa kweli na ndo dawa kuu ya Parkinson. Ila mbegu hii na ile hazilingani, utajuaje umempa kiasi gani? Ikizidi presha inashuka, anaanza kuona watu ambao hawapo, hapo shangazi ndo watasema majini. Kidonge kina kipimo, na kinachanganywa na kabidopa ili levodopa ifike kichwani bila kumtapisha sana.

BintiRaskazone: Na akianzishwa ameze kama nusu saa kabla ya chakula. Bibi alikuwa anameza na supu ya pweza asubuhi, dawa haishiki, kumbe protini inagombania njia na levodopa, tukahamishia supu jioni. Halafu asije akaacha ghafla eti kapata nafuu, ni hatari. Haiponyi lakini bibi sasa anakuna nazi mwenyewe.

MwanaMakorora: Shukrani sana. Kwa hiyo sinarizini nimkatishe leo au nisubiri dokta?

Mfamasia_Pongwe: Kesho asubuhi uwe Bombo, wakuamulie wao. Waambie ameanza lini kumeza na mkono umeanza lini, hizo tarehe mbili ndo watazitaka kwanza.