Watunga maswali ya chemsha bongo, tupeane uzoefu

Ndimu Kali: Wakuu, jana redioni mtangazaji kauliza ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Mpigaji kajibu Tanganyika, akiwazia kina, akakatwa. Nimekumbuka mbali. Mliowahi kutunga maswali, leteni yenu.

Dau la Tanga: Limenikuta hilohilo. Sema "kwa eneo", uwe na amani.

Chaki Nyeupe: Langu sitalisahau. Fainali ya shule za msingi, wazazi wamejaa ukumbini, alama sawa, limebaki swali moja. Nililiandika mwenyewe: "Tanzania ilipata uhuru mwaka gani?" Kwenye karatasi nimeweka 1961. Binti wa darasa la sita akagonga kengele: "Tanzania haikupata uhuru, mwalimu. Tanganyika ilipata 1961, Zanzibar 1963, zikaungana 1964." Nikatamka kwamba amekosa. Wenzake upande wa pili wakasema 1961, wakabeba kombe. Hakulia. Alikaa akiniangalia mpaka tunafunga. Nilijua yuko sahihi kabla hajamaliza kusema, nikaogopa kugeuza mbele za watu.

Dau la Tanga: Dah. Ulimtafuta?

Chaki Nyeupe: Wiki iliyofuata, nikamwomba radhi mbele ya darasa lake. Kombe halikurudi.

Jembe Butu: Mnakuza mambo. 9 Desemba nchi nzima tunapumzika. Mtoto ajibu alichoulizwa.

Mpemba Halisi: Alichoulizwa hakipo, ndugu yangu. Huyo mtoto kafundishwa vizuri.

Jembe Butu: Haya, na nyinyi huko uhuru wenu ni Desemba 1963 au Mapinduzi ya Januari 1964?

Mpemba Halisi: Umeona? Sasa hilo ulipe alama mbili jukwaani!

Kengele ya Pili: Turudini kwenye mada. Mpe jirani ajibu kabla ya siku. Akikuuliza "una maana gani?", swali litupe.

Ndimu Kali: Umpe jirani, kesho mtaa mzima unalo. Mpe mtu wa mkoa mwingine.

Kengele ya Pili: Na wekeni tarehe. Karatasi za zamani zinasema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi tano. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Ni nane sasa.

Dau la Tanga: Nina mashindano ya kata Jumamosi. "Ziwa refu kuliko yote Afrika" liko salama?

Chaki Nyeupe: Liulize. Hata atakayeelewa urefu wa kwenda chini, jibu bado ni Tanganyika.