Vitumbua vya pweza

Salim (Osaka): Assalaam alaykum. Wakubwa shikamooni. Miguu inauma, tumbo limejaa. Masaa matatu mama mmoja mwenye kibendera cha njano ametuzungusha Dotonbori na vichochoro vyake, sisi kazi yetu kula tu.

Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam, marahaba. Sisi tunajua uko masomoni.

Salim (Osaka): Jumapili leo shangazi 😂
[Picha]

Shangazi Mwanaidi: Si vitumbua hivyo?

Salim (Osaka): Ndiyo maana nimewatumia. Chuma kina mashimo vilevile. Muuzaji anageuza kwa kijiti cha chuma, robo robo, mkono huuoni. Ndani kipande cha pweza. Vinaitwa takoyaki.

Rehema: 😳

Ami Juma: Salim, humu mna wazee.

Salim (Osaka): Wallahi ami ndilo jina lake! Tako kwao ni pweza, yaki ni kuchoma.

Rehema: Kumbe Forodhani kila jioni tunakula tako 🤣🤣

Ami Juma: Rehema.

Rehema: Samahani ami.

Shangazi Mwanaidi: Waache. Salim, unga gani? Mchele?

Salim (Osaka): Ngano, mayai na supu yao, dashi. Unga mwepesi kama uji, si mzito kama wako. Hamira hamna. Wanatia pweza, tangawizi nyekundu ya siki na vitunguu vya majani. Nje panashikana, ndani panabaki rojorojo la moto. Mimi nilitia kizima mdomoni, machozi yakanitoka. Yule mama akacheka, akanionyesha kutoboa kwanza kipumue.

Ami Juma: Hiyo supu ya nini? Angalia nguruwe huko.

Salim (Osaka): Mwani na jodari mdogo. Wanamkausha mpaka anakuwa gogo, kisha wanampiga randa kama mbao. Hayo maranda juu kwenye picha ndiyo yeye, yakipigwa na mvuke yanacheza utadhani yako hai. Sosi nimeiacha, nimekula kwa chumvi. Na mishikaki yao ya kukaanga nimeipisha kwa sababu ya mafuta, nikatafuna kabeji ya bure. Pale kopo la sosi ni la wote, ukutani wamebandika: marufuku kuchovya mara mbili.

Rehema: Ami asingemaliza dakika tano pale.

Mama Salim: Mwani upi baba, huu wetu wa Paje?

Salim (Osaka): Hapana mama. Huo unaitwa kombu, majani mapana, wa maji baridi ya Hokkaido.

Shangazi Mwanaidi: Nani alianza kutia pweza?

Salim (Osaka): Wanamtaja Endo Tomekichi, hapahapa Osaka, mwaka 1935. Alikuwa akitia nyama ya ng'ombe, mteja akamwambia kwao mji wa Akashi wanatia pweza.

Shangazi Mwanaidi: Yeye wateja walimfundisha kupika. Wangu wananifundisha kukopesha.

Rehema: Na vitamu?

Salim (Osaka): [Picha]
Taiyaki. Umbo samaki, lakini ni mkate tu, ndani maharage mekundu yaliyopondwa na sukari.

Ami Juma: Maharage na sukari! Hapana.

Mama Salim: Juma, na zile choroko za sukari za futari? Bakuli mbili.

Ami Juma: Zile zina nazi.

Shangazi Mwanaidi: Bei?

Salim (Osaka): Takoyaki nane yeni 600. Kama elfu kumi yetu.

Shangazi Mwanaidi: Elfu kumi mimi namalizia ndoo.

Salim (Osaka): Nikuletee chuma chao? Vipo vya umeme, ila umeme wa huku volti 100. Ukichomeka huko kinaungua.

Shangazi Mwanaidi: Chuma ninacho, na mkaa ninao. Niletee hicho kijiti.

*Jumatatu*

Shangazi Mwanaidi: [Picha]
Vinne vya mwanzo vimeganda kwenye chuma. Nilitia mafuta kidogo kama ya vitumbua, kumbe unga mwepesi unataka yajae.

Salim (Osaka): Shangazi!! Mbona vimeumuka hivyo?

Shangazi Mwanaidi: Hamira. Mkono umezoea.

Rehema: Nimekula sita. Watu wa barazani wanauliza vinaitwaje.

Ami Juma: Rehema, usithubutu.

Shangazi Mwanaidi: Nimeshawaambia, vitumbua vya pweza. Mia tano kimoja, na leo sikopeshi.