Wahusika wawili, "a-" moja: msomaji atajuaje nani kafanya nini?

kalamu_butu
Wakuu, naomba msaada. Kwenye hadithi yangu fupi kuna onyesho la dada wawili, Asha na Zuhura, wanaogombania ufunguo wa nyumba ya marehemu mama yao. Nimeandika: "Alimtazama, akachukua mkoba wake, akamjibu akicheka." Vitenzi vyote vinaanza na a-, basi wanaonisomea rasimu wanauliza mkoba wa nani na kacheka nani. Nikitaja majina kila sentensi, inasomeka kama maelezo ya polisi. Mnafanyaje?

Bi Nukta
Anza na "wake". Kiswahili humtaja mwenye kitu ndani ya kitenzi: "akamshika mkono", si "akashika mkono wake", "akamnyang'anya mkoba", si "akanyang'anya mkoba wake". Kama mkoba ni wa Asha mwenyewe, "akachukua mkoba" inatosha.

Kisha "akicheka". Baada ya kuona, kukuta au kusikia, -ki- humwendea anayeonwa: "Asha alimkuta akicheka", mchekaji ni Zuhura. Baada ya "akamjibu" kwa kawaida ni yule anayejibu. Onyesho likichanganya vitenzi vya aina zote mbili, msomaji anayumba. Weka "huku": "akamjibu huku akicheka". Hapo kicheko kina mwenyewe.

mhariri_wa_usiku
Bi Nukta kamaliza nusu. Nusu nyingine ni mnyororo wa -ka-. Msomaji akiona -ka- ndani ya sentensi moja hudhani mtendaji ni yule yule. Tazama: "Asha alifungua dirisha, akamwita, akaitika." Imepasukia "akaitika". Mtendaji akibadilika, weka nukta: "Asha alifungua dirisha, akamwita. Zuhura akaitika."

Njia nyingine ni kumpokonya mmoja wao ile a-. Kiungo cha mwili wake ndicho kitende: "Midomo ikamtetemeka Zuhura." Kila a- inayofuata inabaki kwa Asha. Ila usizidishe. Midomo, magoti na macho vikitetemeka aya moja, umeandika wodi.

Mtu mpya akiingia, jina likae baada ya kitenzi: "Mara akaingia shangazi yao." Baadaye "shangazi mtu akaguna" inamtosha. "Mwanamke huyo" waachie magazeti, na humo ndani wote ni wanawake.

kalamu_butu
Na kwenye mazungumzo? Nimejaza "alisema" mpaka inachosha.

Bi Nukta
"Shikamoo" na "Marahaba" zinaonyesha nani mdogo nani mkubwa bila "alisema" hata moja. Wakianza kujibizana, acha mistari minne hivi iende yenyewe, halafu weka tendo lenye jina. Kuitana "Zuhura", "Asha" kila mstari ni igizo la redio.

Kabla ya kumpa mtu asome, chapa ukurasa mmoja, kila kitenzi chenye a- ukiandikie A au Z juu yake. Herufi ikibadilika bila jina, neno la udugu wala nukta, hapo pana tundu. Ziba hapo tu, kwingine usiguse.

kalamu_butu
Nimejaribu: "Asha alimtazama mdogo wake, akachukua mkoba, akajibu huku akicheka. Machozi yakamlengalenga."

mhariri_wa_usiku
Yakamlengalenga nani? Mtu anaweza kucheka na kulia pamoja. Hiyo -m- nayo haina mwenyewe mpaka umtaje. Malizia na "Zuhura", halafu uendelee na ufunguo.