Imparfait imeniaibisha mbele ya wageni, nitaijuaje?

Muongoza_Mkunazini
Assalam alaykum wana jukwaa. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka wa nne huu. Kifaransa nimesoma jioni jioni kwa miezi minane na sasa naanza kupewa Wafaransa. Juzi nipo Mkunazini, mbele ya Kanisa Kuu la Anglikana, nikawaambia: "Ici, on a vendu des esclaves." Bibi mmoja akaniuliza, kwa upole wallahi, ilikuwa siku gani hiyo na waliuzwa watu wangapi. Nikababaika. Mie nilikusudia kwamba hapa palikuwa soko, watu wakiuzwa miaka nenda miaka rudi. Yeye kasikia kwamba waliuzwa mara moja, basi.

Mwalimu wangu akanambia ningesema "on vendait", yaani imparfait, si "on a vendu" ambayo ni passé composé; zote mbili ni nyakati zilizopita za Kifaransa. Sawa, miishio ninayo: -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient, hata nikioga naiimba. Kinachonishinda ni kuchagua. Kiswahili "waliuza" ni "waliuza" tu. Nitajuaje kabla sijafungua mdomo? Mwalimu anasema jambo refu ni imparfait, jambo fupi ni passé composé, lakini sioni kama inanisaidia.

Kaka_wa_Nyali
Wajisumbua bure ndugu yangu. Mimi huku Mombasa naambia wageni "moi manger, toi manger" (mimi kula, wewe kula) na bakshishi yaingia vilevile.

Mama_Lushi
Bonjour ndugu Muongoza. Nafundisha Kifaransa Lubumbashi, na hiyo sheria ya refu na fupi huwa nawafutia wanafunzi wangu siku ya kwanza. Chukua historia ya kwenu huko. Sultani Barghash alitawala tangu 1870 hadi 1888. Miaka 18 si mifupi, lakini Mfaransa atasema "Il a régné dix-huit ans", passé composé, kwa sababu ameifunga hiyo miaka kama gunia na kuiweka kando. Halafu chukua vile vita vya 1896, Waingereza walipopiga mizinga jumba la Sultani Khalid, ambavyo havikumaliza hata saa moja. Ukisema "Les canons tiraient, le palais brûlait", hiyo ni imparfait safi kabisa. Umemwingiza mgeni ndani ya moshi na hujamtoa bado.

Sasa, nani kakwambia Kiswahili hakina tofauti hiyo? Tunayo. Ni -ka- na -ki-. Sema kichwani, kama uko katikati ya hadithi: "mizinga ikalia, jumba likaungua". Mambo yanafuatana, moja linasukuma jingine. Hiyo ni passé composé. Sema tena: "mizinga ikilia, jumba likiungua". Hapo hakuna kinachosogea, tunatazama tu. Imparfait. Hata Barghash wako: "akatawala miaka 18", -ka- inakaa vizuri bila kulazimishwa, kwa hiyo "a régné".

Rudi sokoni. "Watu wakauzwa" ndiyo aliyoisikia yule bibi, hakukosea kuuliza siku. "Watu walikuwa wakiuzwa" ndiyo "on vendait". Kisha unamalizia: mwaka 1873 Barghash akalifunga soko, "en 1873, Barghash a fermé le marché".

Kipimo hiki kinafanya kazi hata pale vitabu vinapowachanganya watu. "Je savais" ni nilikuwa najua. "J'ai su" ni nikajua, yaani habari ikanifikia.

Muongoza_Mkunazini
Mama, Mungu akuweke! Nimejaribu mwenyewe: "Khalid était dans le palais quand les Anglais ont tiré. Il s'est enfui au consulat d'Allemagne." Alikuwa jumbani, Waingereza wakapiga, akakimbilia kwa Mjerumani. Nimepata?

Na jengine: niliandika "je mangais" mwalimu akaipiga mstari mwekundu.

Mama_Lushi
Umepata yote.

Hiyo ya mangais ni ya kalamu tu. Bila e, ile g itasomeka kama g ya gari. Kwa hiyo je mangeais, ils mangeaient, lakini nous mangions, kwa sababu i yenyewe inailainisha g. Commencer vilevile: je commençais na mkia wake, nous commencions bila mkia. Shina unalitoa kwenye nous (sisi) ya wakati uliopo, unakata -ons: nous finissons, je finissais; nous buvons, je buvais. Kitenzi kimoja tu kinakataa, être, chenyewe ni j'étais. Na ukikuta "nous étudiions" ina i mbili, si kosa la mchapaji.

Wewe lakini kazi yako ni ya mdomo, usihangaike sana. Vendais, vendait, vendaient, zote sikioni ni moja. Mkazo weka kwenye "faisais": usiseme "fesé" kwa e nzito mwanzoni, ile ai ya kwanza inamezwa karibu yote.

Nikupe na ya bure kwa ajili ya kazi. Jioni wageni wamechoka, waambie "Si on allait à Forodhani?" Ni imparfait, lakini hapo haihusu yaliyopita hata kidogo. Maana yake ni "mwaonaje tukienda Forodhani?" Ni ya adabu kuliko kuwaamuru. Ukitaka kuuliza kitu kwa heshima, anza na "Je voulais vous demander", kama nyinyi mnavyosema "nilikuwa nataka kuuliza".

Muongoza_Mkunazini
Hiyo ya Forodhani naitumia kesho, nina watu sita.

Kaka_wa_Nyali
Sasa Mama, yangu ile ya "moi manger" ni wakati gani?

Mama_Lushi
Wakati wa njaa, ndugu.