Naishi Mwanza, kituo changu cha kazi Dar. Uchovu unanimaliza, naombeni ushauri

Rubani_wa_Bwiru: Wakuu habari za jioni. Mimi ni rubani msaidizi, rosta yangu inaanzia Dar ila familia iko Mwanza, waifu ana kazi yake huku na watoto wanasoma, kwa hiyo kuhama bado. Nasafiria tiketi ya stafu, ile ya kusubiri siti ibaki, sasa ndege ya jioni zikijaa naunga na ya alfajiri, naamka saa tisa usiku, nafika Dar nakaa kaa tu kusubiri zamu ya mchana na naimaliza saa tatu usiku. Kwenye makaratasi nimepumzika vizuri kabisa. Mnaosafiri hivi mnafanyaje? Na nikisema leo siko fiti si nitaonekana mvivu?

SatoMkavu: Hamia Dar mkuu, Mwanza utakuja kula samaki.

Rubani_wa_Bwiru: Kodi utalipa wewe?

KepteniMstaafu: Mwanangu, saa tisa mpaka saa tatu usiku ni masaa 18. Mtu akikaa macho masaa 17 tu umakini wake unashuka kama wa aliyekunywa mpaka damu ikawa na pombe asilimia 0.05. Katafute ajali ya ndege ya Colgan 3407, Februari 2009 kule Buffalo, Marekani, walikufa watu 50. Rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka Seattle akaunganisha Memphis kuja kazini Newark, kepteni naye usiku ule alilala kwenye chumba cha kupumzikia marubani palepale. Wachunguzi hawakusema uchovu ndio ulioangusha ndege, kepteni alikosea alivyoitikia onyo kwamba mwendo umepungua mno, ila walisema yaelekea wote wawili uchovu uliwapunguza. Baada ya hapo Wamarekani wakabadili sheria, kuanzia 2014 mapumziko kabla ya zamu si chini ya masaa 10, humo uwe na nafasi ya masaa 8 ya kulala bila kukatishwa, na rubani athibitishe yuko fiti. Safari ya kutoka kwako bado ni mzigo wako. Shuka Dar jana yake, ndege ya mchana siyo ya jioni, ili ukikosa siti ujaribu tena ya jioni.

SukaWaKanda: Mimi wa basi Mwanza Dar, tunapokezana wawili. Yule anayeambiwa alale nyuma halali, anafumba macho tu. Usihesabu siti ya ndege kama kitanda bro.

NesiIgoma: Kaka, kausingizi ka dakika 20 kanasaidia ila ukiamka jipe muda kabla ya kushika kazi, kichwa kinakuwa kizito. Kahawa usinywe jioni, masaa matano baadaye karibu nusu bado iko mwilini. Dawa za usingizi usiguse bila daktari wenu wa anga.

Rubani_wa_Bwiru: Shikamoo mzee, na je hilo la kusema siko fiti?

KepteniMstaafu: Marahaba. Sema mapema, jana yake, wapate mtu wa akiba. Mkisubiri abiria wamekaa ndio ugomvi. Na tafuteni geto wenzako watatu wanne mchangie kodi, Kipawa au Ukonga, pazia nzito.

SatoMkavu: Na mkague nani anakoroma kabla hamjalipa ya miezi sita.