Mrejesho: wale askari wa usiku kwenye barabara ya zamani

Mtakumbuka niliuliza kuhusu njia ya zamani inayopita nyuma ya boma la nyanya yangu, upande wa Oyugis, kati ya Kendu Bay na Kisii, ambako watu husema usiku wa mvua askari hupita wakipiga buti. Nilitoka Kisumu Ijumaa, nikalala huko siku mbili.

Aliyenishauri nianze na vita vya 1914, asante sana. Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii. Askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza) wakaletwa kwa ziwa, wakashuka Kendu Bay, wakapanda kwa miguu kuelekea Kisii, wakapigana tarehe 12. Kwa hiyo majeshi yalipita pande zetu kweli, ingawa siwezi kuapa walikanyaga nyuma ya choo cha nyanya.

Mzee jirani aliniambia kitu ambacho sikutarajia: kwao hawasimulii buti, wanasimulia watu wa mizigo. Anasema wale hawana kishindo, unasikia pumzi tu. Nilinyamaza. Wabebaji wa kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita hivyo) walikufa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa, mbali na kwao.

Sasa usiku wenyewe. Saa kumi alfajiri nilisikia hatua, nikatoka na tochi ya simu. Punda wanne wa kubeba maji, na kijana aliyeshtuka kuliko mimi.

Nikamwambia nyanya. Akacheka, akasema, "Hao ni wa leo, mjukuu wangu. Jana mvua haikunyesha."

Narudi Aprili.